Tunazika na Kugeuza

Msafara wa msiba umetoka Dar es Salaam usiku. Umepita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Hedaru, na kulipopambazuka Kosta tatu zinaacha lami pale Makanya na kutimua vumbi kuelekea kijijini. Saa sita chakula. Saa saba ibada. Saa nane na nusu jeneza linashuka. Mashada yanaitwa kwa zamu: watoto, wajukuu, wakwe, mpaka wafanyakazi wenzake na mtoto wa tatu wa marehemu. Neno la shukrani limepewa dakika tatu, na mshereheshaji, maana siku hizi hata msiba una mshereheshaji, anawaomba ndugu "tutunze muda". Saa kumi dereva anapiga honi. Watu wanapanda na udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu. Mmoja anauliza wapi watasimama kuchimba dawa, mwingine ameshaanza kujibu ujumbe wa ofisini. Matanga atakaa nani? Majirani si wapo.

Tunazika na kugeuza. Nasema "tunazika" kwa sababu mimi ni Mpare, na ninaowasema ni watu wa kwetu.

Honi ya dereva naweza kuivumilia. Kinachonichoma ni wasifu wa marehemu. Mjukuu aliyeletewa karatasi asubuhi hiyo anasoma kwamba bibi alizaliwa, alisoma kidogo, aliolewa, alijaliwa watoto, alikuwa mcha Mungu, alipenda watu wote. Basi. Miaka 80 imeishia nusu ukurasa. Hakuna anayejua alikuwa akiimba nini anapopukuchua mahindi, kwa nini alishuka kutoka Chome kuja kuishi tambarare kwenye joto, alimnunia nani miaka kumi na wakapatana vipi. Anayeyajua hayo yote yupo palepale, nyuma, anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko wa mti. Ni jirani. Kwenye ratiba hakuwekwa. Yeye alikuwa na muda na marehemu. Sisi tuna maikrofoni.

Watani wetu Wachagga wametuimba kwa ubahili tangu enzi. Mpare, wanasema, atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Tunacheka, tunawarudishia ya kwao, siku zinakwenda. Lakini utani huo umechakaa, watafute mwingine. Mpare wa leo fedha anatoa. Mchango wa harusi anatoa, ada ya mtoto wa dada analipa, bati la nyumba ya mama ameezeka, tena la rangi. Ubahili wake umehamia kwenye muda. Laki mbili atazituma akiwa kwenye foleni ya Ubungo, hata kioo cha gari hajashusha. Mwambie akae siku nne na mama yake pale Makanya, asikague ujenzi, asiitishe kikao cha ukoo, asipite kwa mwenyekiti wa kijiji kuulizia kiwanja, akae tu. Atakutazama kama umemwomba figo.

"Lakini nimetuma, na ya kutolea." Sentensi hiyo tunaitamka kwa fahari, kana kwamba ile nyongeza ya juu ndiyo ushahidi wa mapenzi. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na sitakuwa mjinga wa kuilaani. Imenunua dawa za presha, imelipa bodaboda ya kumwahisha mjamzito hospitali ya Same usiku wa manane. Ninachokumbusha ni hiki: kabla yake, fedha ilihitaji miguu ya mtu. Ilikuja mfukoni mwa mwanao mwenyewe, au ilipewa mtu wa kwenu anayepanda basi, na huyo hakuweza kuikabidhi mlangoni na kutoweka. Alivutiwa kigoda. Alimiminiwa chai. Aliulizwa huyo mtoto amekonda au amenenepa, mkewe anaendeleaje, kazi ile aliipata? Bahasha ilikuwa kisingizio tu cha mazungumzo ya saa mbili. Leo simu inatetema, ujumbe unasoma "umepokea", mama anamtuma mjukuu kwa wakala, na hapo ndipo uhusiano unapofungwa mpaka mwisho wa mwezi.

Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha utafiti uliofanyika katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Katika vituo 6 ikaletwa faini ndogo kwa kila anayechelewa. Unadhani waliwahi? Waliochelewa waliongezeka karibu mara mbili. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu aliyebaki na mtoto wake. Baada ya faini haya iliondoka. Amelipa, deni limekwisha. Na faini ilipofutwa, wazazi hawakurudi walikokuwa. Haya ikishauzwa hairudishwi kwa tangazo.

Sisi Wapare tulihitaji utafiti wa Haifa? Tulikuwa na msaragambo. Mbiu ikilia, kila nyumba inatoa mtu: kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kuzibua mfereji, kutengeneza barabara, kusomba mawe ya shule. Asiyefika alitozwa faini, na faini ile ilikuwa ni aibu iliyovaa nguo ya fedha. Watu waliilipa wakiwa wameinamisha kichwa. Kazi yenyewe ilikuwa nusu ya faida. Nusu ya pili ilikuwa ni yale maongezi ya kutwa nzima huku majembe yakipanda na kushuka, ambapo mchumba alionekana, ugomvi wa mpaka ulisuluhishwa, na kijana alijifunza kwa kumtazama mzee akifanya kazi. Sasa mwenzetu wa mjini analipa kabla hata hajaitwa. Analipa kwa furaha, anaomba na risiti irushwe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Faini imegeuka bei ya kutokuwepo, na bei yenyewe ni nafuu sana.

Huo ndio ugomvi wangu na ninyi, na sitaupaka asali. Karibu kila tulichokiita msaada siku hizi ni ada tunayolipa ili tusiwepo. Mchango wa msiba, kadi ya harusi, kifurushi cha sikukuu, hata simu ya dakika mbili ya Jumapili inayoanza na "mama, nipo kikaoni, nilitaka tu nikusikie". Unataka kumsikia, halafu unaongea wewe.

Jibu nalijua. Maisha yamebana. Kazi. Foleni. Nauli. Haya, tuanze na kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, kwa malipo. Ishirini na nane! Ingia ofisi yoyote mjini uulize zinakwenda wapi. Kuna wanaozilimbikiza kama sifa. Kuna wanaokubaliana na bosi wazifanyie kazi ili mshahara wa mwezi huo uje mara mbili. Kuna wanaozimaliza wakiwasimamia mafundi kwenye nyumba isiyoisha huko Goba. Kinachobaki, siku mbili zilizochakaa mwishoni mwa Desemba, ndicho kinachopelekwa kwa mzazi.

Usafiri je? Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24, marufuku ya safari za usiku iliyodumu takriban miaka 30 ikaisha. Reli ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911 inapita Makanya penyewe, na Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi juu yake baada ya zaidi ya miaka 20. Wengi waliicheka kwa mwendo wake wa kujivuta. Hakuna wakati ambapo kufika Makanya kumekuwa rahisi kama leo, na hakuna wakati ambapo kukaa Makanya kumekuwa kugumu kama leo.

Nitofautishe, maana sitaki kumpiga asiyestahili. Kuli anayepakia mawe ya jasi kwenye malori yanayokwenda viwanda vya saruji, mkata mkonge anayelipwa kwa kipande, mama ntilie ambaye siku asipowasha jiko watoto wake hawali: hao siwagusi. Umaskini unanyang'anya muda kabla haujanyang'anya kitu kingine. Hasira yangu ni kwa mwenye uwezo wa kuchagua ambaye kila mwaka anachagua vilevile, kisha anaita chaguo lake "majukumu". Mtu huyu anapata dakika 90 za Simba na Yanga, na dakika 90 nyingine za kubishana baada ya mechi. Anapata saa nzima ya kutazama video za watu asiowajua wakila vyakula asivyovila. Muda anao. Amepanga tu nani ale makombo yake.

Na tusijipe moyo kwamba sisi ni Waafrika, upweke ni maradhi ya Wazungu. Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti yake: mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Hiyo ni habari ya dunia. Inayotuhusu imefichwa ndani: katika nchi za kipato cha chini wanaosema wana upweke ni takriban asilimia 24, na katika nchi tajiri ni takriban 11. Rudia kusoma. Sisi wa undugu, sisi wa "hodi hodi", sisi wa kumcheka Mzungu anayempeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee, hatuna kinga. Mama yake Mzungu angalau kwenye nyumba ile kuna mtu wa kumsalimia asubuhi. Mama yako umemjengea nyumba ya vyumba vinne, na vitatu vimefungwa kufuli vikisubiri Krismasi.

Wakulima wa Makanya wanaielewa Krismasi hiyo kuliko mtu yeyote. Mvua ya tambarare haiwatoshi, kwa hiyo wanalima kwa maji ya mafuriko yanayoporomoka kutoka milima ya Upare Kusini. Yakija yanakuja kwa kishindo; watu wanakimbia na majembe hata usiku kuyaelekeza mashambani; baada ya saa chache korongo limenyamaza, na wiki ijayo ni mchanga mtupu. Panda juu kidogo, Bangalala, kwenye ndiva ya Manoo, uone namna nyingine. Pale maji ya mto yanaingizwa usiku kucha, kidogo kidogo, kijito chembamba ambacho ungekidharau ukikiona, na asubuhi ndiva imejaa, inafunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu. Familia zetu tumezifanya ziishi kwa mafuriko. Desemba 23 wanashuka watu kumi na tano kwa mkupuo, mbuzi anaanguka, spika inapasua masikio, picha zinapigwa bibi akiwa katikati kama kikombe cha ushindi. Desemba 27 ni korongo kavu. Na bibi, ambaye alikuwa na jambo moja alitaka kumwambia mwanawe faraghani, alikosa upenyo. Atalisema mwakani. Watu wanaopanga mambo ya mwakani ndio haohao tunaowasomea wasifu wa nusu ukurasa.

Ukaribu haufanyiki kwa mkupuo. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kukadiria mwaka 2018: kumtoa mtu kwenye kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, takriban saa 50 za kuwa pamoja, urafiki wa karibu, zaidi ya 200. Unaweza kubishana na hesabu ya profesa, mimi mwenyewe sipendi mapenzi yapimwe kwa saa kama maharage kwa kilo. Ila jiulize umekaa saa ngapi na baba yako tangu uanze kazi, uondoe saa za vikao, za misiba na za kumpeleka hospitali. Kuna watu wazima wanaomjua zaidi kocha wa timu ya Uingereza.

Maana jambo lenyewe la muhimu halisemwi saa ya kwanza. Mzee wa Kipare hakuambii kinachomsumbua ukiwa umesimama na funguo mkononi. Siku ya kwanza mtaongea mvua. Siku ya pili mtaongea bei ya mahindi, na ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani, na ile kesi, maana kesi lazima iwepo. Siku ya tatu mchana, mmekaa chini ya mti, mmenyamaza wote wawili mpaka wewe wa mjini unaanza kuhangaika na kimya, ndipo anaposema, bila kukutazama, kwamba tangu mwezi wa pili akienda haja anaona damu. Ulikuja mara ngapi kwa siku moja, ukaambiwa "sijambo kabisa, mwanangu"? Hakukudanganya. Hukumpa siku ya tatu.

Ya mzazi yananiuma ndiyo maana nimeyaongea mno, ila msidhani mume na mke wanaoishi paa moja wamepona. Wanaandikiana ujumbe wakiwa sebule na chumba: gesi imeisha, mtoto ana mkutano wa wazazi, tuma hela ya maji. Hiyo ni kampuni ndogo yenye wakurugenzi wawili. Na watoto? Machi 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Fikirini: serikali ililazimika kutoa agizo ili watu waishi na watoto wao wa miaka saba. Na wazazi walinung'unika! Walitaka kujua nani atakaa nao.

Sasa niigeukie hiyo serikali, isije ikadhani nimeisifia. Kifungu cha 34 cha sheria ileile ya 2004 kinampa baba aliyepata mtoto siku 3 za likizo yenye malipo. Siku tatu, ndani ya wiki ya kuzaliwa. Kinampa mfanyakazi siku 4 akiuguliwa au kufiwa na mtoto, au akifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Siku hizo 4 ni za mzunguko wa likizo wa miezi 36, hata misiba ikiandamana. Zaidi ya hapo ni bila malipo. Sasa tazama kilichoachwa. Mtoto akiugua, unapewa. Mama akiugua, kifungu kimya. Mama akifa, unapewa. Sheria yetu inakulipa umzike mama yako, haikulipi umuuguze. Halafu tunashangaa Kosta zinageuza saa kumi! Mtu aliyetoka Dar es Salaam na siku 4 za miaka mitatu mfukoni, moja ameitumia njiani kuja, moja ataitumia kurudi, mnataka aanue matanga kwa siku zipi? Wabunge wa Kilimanjaro wapo. Wanahudhuria misiba hii, wanaketi kiti cha mbele, wanatoa rambirambi kwa bahasha, na wao pia wanageuza. Mmoja wao na asimame Dodoma aseme neno "kuuguza" liingie kwenye kifungu hicho. Hatugharamii barabara, ni neno moja.

Na msiniambie kukaa ni uvivu. Kukaa kuliwahi kuitikisa dola. Wakoloni wa Kiingereza walipotuletea kodi ya mbiru mwaka 1943, kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, wazee wetu hawakuwa na bunduki. Januari 1945 maelfu walishuka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Waliambiwa warudi makwao, wakakaa. Wiki zikapita. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya upinzani ule, kikachapishwa mwaka 1971, na kodi yenyewe mwishowe iliondolewa. Watu waliojua kukaa pamoja kwa wiki nzima, wakila makande ya chungu kimoja na kusikilizana, walikuwa tatizo kubwa kwa bwana shauri. Kizazi kisichoweza kukaa msibani mpaka jua lizame kitamsumbua nani?

Kuna jambo moja wanaume wenzangu hawapendi niliandike. Huo muda wa kukaa bila haraka, ule tunaousimulia kwa machozi, ulikuwa na mtu aliyeulipia. Baba alikaa chini ya mti akazungumza mpaka giza kwa sababu mama alikuwa mtoni, jikoni, shambani na mgongoni ana mtoto. Hata leo, mwanaume anaporudi "kupumzika nyumbani", mkewe hapumziki. Anahama jiko la gesi anaenda kwenye kuni za mama mkwe, anapikia watu kumi na tano siku nne, anarudi Dar es Salaam amechoka kuliko alivyokuja. Halafu tunamshangaa anapotafuta sababu za kutokwenda. Ukaribu unaojengwa juu ya mgongo wa mtu mmoja asiyepewa kiti ni wizi. Siku ukienda kukaa, kaa jikoni. Menya viazi. Mama yako atasema mwanaume haingii jikoni, kisha baada ya robo saa atakusimulia mambo ambayo hajawahi kumsimulia baba yako.

Na binti wa kazi aliyeko nyumbani kwako je? Yule anayelea mwanao ili wewe upate hiyo nafasi ya kusoma magazeti? Naye ana mama, huenda ni palepale Makanya, huenda ni kijiji cha juu yake. Mara ya mwisho alikwenda lini? Sheria ya siku 28 haikumtoa yeye. Unatokwa na machozi msibani kwa sababu hukupata muda na mama yako, na kwenye nyumba yako mwenyewe kuna msichana unayemnyima wa kwake. Mpe nauli na siku zake, kabla hujasoma aya inayofuata.

Nimesikia wanaosema hili haliwezekani, dunia imebadilika. Linawezekana, tena hapahapa Upare tunalo la kuonyesha. Wamisionari wa Kisabato walifika Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na tangu hapo kuna vijiji vizima ambavyo Ijumaa jua likizama jembe linawekwa chini hadi Jumamosi jua lizame. Mimi si Msabato na sina nia ya kumhubiria mtu. Natazama tu walichofanya. Hawakusubiri muda ubaki. Kazi huwa haibakizi. Waliutenga kwanza, wakauwekea sheria, wakaulinda kwa karne nzima dhidi ya palizi, mavuno na minada. Mwezi wa Ramadhani nao una saa ambayo familia nzima ya Kiislamu inakusanyika mezani kwa wakati mmoja, na hakuna bosi anayeweza kuisogeza magharibi mbele hata kwa dakika moja. Palipo na kanuni, muda unapatikana. Palipo na nia njema peke yake, panapatikana "tutaonana Mungu akipenda", na Mungu anasingiziwa mengi.

Kwa hiyo kamati ya msiba ujao, mnapokaa kupanga bajeti, kabla hamjafika kwenye turubai, spika na idadi ya Kosta, andikeni kwanza nani anabaki. Majina na siku. Asiyeweza kubaki aseme mbele ya wenzake, na mchango wake usipokelewe kama fidia. Mshereheshaji aambiwe msibani hatutunzi muda, tunautumia. Wasifu aandike jirani.

Na wewe ambaye mama bado yuko hai, usisubiri kamati. Chukua fomu ya likizo, jaza siku kumi zisizo na sikukuu, zisizo na harusi, zisizo na msiba. Bosi atakuuliza una dharura gani. Mwambie huna.